Fizi zinazotoka damu na bakteria wa mdomoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila wiki kwenye kiti cha meno. Mengine huulizwa mgonjwa akiwa ameshashika kitasa cha mlango, na mara nyingi hayo ndiyo yaliyomleta. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu kliniki: mengine kwa kirefu, mengine kwa maneno machache.

Tuelewane kwanza maneno mawili. Nikisema ukoga, namaanisha ule utando laini, mweupe au wa njano kidogo, unaobaki kwenye ukucha ukikwangua jino asubuhi. Nikisema ugaga, namaanisha ukoga ulioganda ukawa mgumu kama chokaa, ambao mswaki hauutoi hata usugue mpaka mkono uchoke. Wako wanaoyatumia maneno haya kinyume. Humu nayatumia hivyo.

Kwani mdomoni kuna bakteria wangapi?

Aina zaidi ya 700 zimeshaorodheshwa katika vinywa vya watu. Wewe peke yako huna zote. Una sehemu yake tu, na mchanganyiko wako hauko sawasawa na wa nduguyo mnayekula naye sahani moja. Kwa wingi, miligramu moja ya ukoga, kipunje unachoweza kukipoteza kwenye kiganja, ina bakteria kama milioni 100.

Wengi wao hawana neno na mtu. Kuwepo kwao tu ni ulinzi, maana wamekalia nafasi ambazo wakorofi wangezitamani. Kwa hiyo anayekuuzia dawa ya "kuua vijidudu vyote kinywani" anakuuzia kitu usichokihitaji, na ambacho hata hivyo hakiwezekani.

Fizi ikiwa nzima, wanaokaa hapo ni akina nani?

Kati ya jino na fizi pana kamfereji kembamba kanakolizunguka jino. Kwa mtu mwenye fizi nzima kina chake ni milimita 1 hadi 3. Hapo wanakaa zaidi bakteria wa jamii ya Streptococcus, wa duara, waliopangana kama shanga kwenye uzi, pamoja na Actinomyces na Rothia. Wengi wao wanavumilia hewa ya oksijeni na wanapenda sukari na wanga. Nyuma yao, ndani ya fizi, chembe nyeupe za damu zinapiga doria usiku na mchana, hata kwenye fizi isiyo na tatizo lolote.

Hiyo ndiyo hali ya kawaida: wenyeji wachache, utando mwembamba, askari wachache, hakuna fujo.

Nikiacha kupiga mswaki leo, nini kitatokea?

Swali hili lilijibiwa kwa vitendo mwaka 1965, mjini Aarhus, Denmark. Harald Löe na wenzake waliwachukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, wakawaambia waache kusafisha meno kabisa. Kisha wakawa wanawapima fizi, na kukwangua ukoga wao na kuutazama kwa hadubini.

Mambo yanakwenda hivi. Ndani ya dakika chache baada ya jino kusafishwa, mate yanaliwekea ngozi nyembamba ya protini. Hii haizuiliki, na wala si uchafu. Saa chache baadaye Streptococcus wanatua juu ya ngozi hiyo na kuanza kuzaana. Siku mbili za kwanza ukoga ni wao zaidi, pamoja na vijiti vifupi. Kuanzia siku ya pili mpaka ya nne wanaingia warefu: nyuzi, na wale wenye umbo la pia iliyochongoka pande zote mbili, wanaoitwa Fusobacterium. Kati ya siku ya nne na ya tisa wanatokea waliojipinda, spirila na spiroketi, wanaojinyonganyonga kama funza wa maji kwenye dumu. Katika muda huohuo ukoga unazidi kuwa mnene.

Fizi haikuvimba siku moja kwa wote. Aliyewahi aliona dalili siku ya 10, na wa mwisho siku ya 21. Lakini wote 12 walivimba. Walipoanza tena kupiga mswaki, bakteria walirudi kwenye mpangilio wa awali na fizi zikapona ndani ya wiki moja hivi. Hakuna aliyepewa kidonge.

Mimi huuona utafiti huu ni mzuri kuliko mingi iliyofuata yenye mashine za mamilioni, kwa sababu ulijibu mambo mawili kwa mpigo: kwamba ukoga unatangulia na uvimbe unafuata, na kwamba njia ile waliyoendea inarudika.

Kwa nini wale wa kwanza hawabaki peke yao? Nani anawaalika wengine?

Wanawaalika wao wenyewe, bila kujua. Fikiria mtaa mpya. Wa kwanza kujenga anahangaika na kichaka, wa pili anamkuta jirani, wa tatu anakuta njia imeshapasuliwa.

Streptococcus wanapojaa, wanavuta oksijeni yote iliyo karibu. Chini ya utando, karibu na jino, hewa inaisha. Kwa bakteria wanaokufa wakiguswa na hewa hiyo ni habari njema, kwani sasa wana pa kujificha. Tena wale wa kwanza wanatoa mabaki ya chakula chao, asidi mbalimbali, ambazo kwa wengine ni mlo kamili. Halafu kuna suala la kushikana. Wengi wa waliochelewa kuja hawawezi kung'ang'ania jino wenyewe. Wanahitaji wa kumshika mkono. Fusobacterium nucleatum ndiye daraja. Ni mrefu, na ana uwezo wa kujishikiza kwa waliotangulia na kwa watakaokuja. Bila yeye safu ya mwisho ingepata taabu sana kufika.

Nilipokuwa mwanafunzi tuliwekewa vioo viwili vyenye ukoga mbichi chini ya hadubini. Kioo cha kwanza kilitoka kwa mwenzetu mwenye fizi nzima: viduara vimetulia, kimya, kama mchele uliomwagika. Cha pili kilitoka kwenye fizi ya mgonjwa iliyokuwa ikivuja damu. Kile kilikuwa soko: vijiti vinakimbia, nyuzi zinapepea, spiroketi zinapenya katikati ya wengine kwa kujizungusha. Mwenzetu mmoja alitoka nje kwenda kupiga mswaki.

Damu yenyewe inatoka wapi?

Inatoka kwako, na ni dalili kwamba mwili unapigana.

Bakteria wanapoongezeka kwenye kamfereji, wanaachia vitu ambavyo fizi inavitambua kama hatari. Ndani ya siku mbili hadi nne, kabla jicho halijaona chochote, mishipa midogo ya damu inatanuka, maji maji yanaanza kuchuruzika kuingia kwenye kamfereji, na chembe nyeupe zinamiminika. Ngozi nyembamba inayolizunguka jino kwa ndani inachakaa, inakuwa kama kitambaa kilichofuliwa mno. Mswaki ukipita, au ukiuma embe, mishipa iliyojaa inapasuka.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote. Yale maji maji yanayochuruzika yamejaa protini za damu, na damu yenyewe ina madini ya chuma. Kumbuka wale wa kwanza walikuwa wanakula sukari. Sasa kumeandaliwa karamu ya chakula kingine kabisa, ambacho wao hawakimudu, ila wapo wanaokimudu vizuri sana. Porphyromonas gingivalis, kwa mfano, hana haja na sukari yako. Anaishi kwa kukatakata protini, ana vimeng'enya vikali vya kazi hiyo, na chuma anakipata kwenye damu. Ukimwotesha maabara kwenye sahani yenye damu, baada ya siku kadhaa makundi yake yanakuwa meusi tii kwa ajili ya hicho chuma alichojilimbikizia.

Kwa maneno mengine, kadiri fizi inavyovimba ndivyo inavyowapikia wale wanaoifanya ivimbe zaidi.

Sasa bakteria ndio wanaoleta uvimbe, au uvimbe ndio unaoleta bakteria?

Vyote viwili, kwa zamu, na gurudumu linazunguka. Mwingereza Philip Marsh aliliweka wazo hili vizuri mwaka 1994: mgeni kutoka nje hahitajiki ili ugonjwa uanze, mazingira yakibadilika, wale waliokuwa wachache na wanyonge ndio wanaopata nguvu. Hata mwenye fizi nzima anaweza kuwa na P. gingivalis wachache mahali fulani, wamekaa kimya.

Mwaka 2011 George Hajishengallis na wenzake walionyesha jambo la ajabu kwa panya. Walipowawekea P. gingivalis kinywani, hata akiwa kidogo sana kulinganisha na wengine, mfupa wa taya ulianza kuliwa. Lakini panya waliolelewa bila bakteria wowote hawakupoteza mfupa walipowekewa yeye peke yake. Kumbe hafanyi kazi mwenyewe. Anavuruga ulinzi wa mwili, na wale wengine waliokuwa wapole wanageuka. Watafiti wakamfananisha na lile jiwe la katikati linaloshikilia tao: ni dogo, lakini ukiligusa tao zima linacheza.

Jambo jingine linalowashangaza hata wahudumu wa afya: fizi inapougua, aina za bakteria hazipungui, zinaongezeka. Tumboni tumezoea kusikia kwamba utofauti mwingi ni afya. Chini ya fizi ni kinyume. Wenyeji wa zamani hawafukuzwi. Wapo palepale, ila wamezidiwa idadi.

Nimesoma mahali kuhusu "kundi jekundu". Ni nini?

Mwaka 1998, mjini Boston, Sigmund Socransky na wenzake walichambua sampuli zaidi ya 13,000 za ukoga wa chini ya fizi kutoka kwa watu 185, wakitafuta aina 40 za bakteria. Waliona kwamba bakteria hawa hutembea kwa makundi, wakayapa rangi. Rangi ni za mchoro tu, bakteria wenyewe hawana. Kundi la rangi ya machungwa, ambamo yumo Fusobacterium, linatangulia. Jekundu linafuata, na wamo watatu: Porphyromonas gingivalis, Tannerella forsythia na Treponema denticola. Watatu hawa huonekana zaidi pale mifuko ya fizi ilipo na kina na panapotoka damu ukipima.

Kwenye fizi iliyovimba tu, ambayo mfupa wake bado mzima, huwa ni kundi la machungwa linalotawala. Wekundu wakishakuwa wengi, shughuli imehamia chini zaidi.

Nikipiga mswaki natema damu. Niache kwanza fizi zipone?

Hapana. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote.

Alikuja kijana mmoja, dereva wa bodaboda, meno ya mbele ya chini yamevaa ugaga mpaka huoni mpaka kati ya jino moja na jingine. Pande nyingine zote safi. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Dokta, hapo panatoka damu, kwa hiyo naparuka." Alikuwa amepakwepa miezi minane. Kwa kuwa mswaki haupiti, ukoga unanenepa. Ukoga ukinenepa, damu inazidi. Damu ikizidi, anazidi kuogopa.

Panapotoka damu ndipo pa kusafishwa zaidi, kwa mswaki laini, bila kusugua kwa hasira. Damu inaweza kuendelea siku kadhaa. Ikiwa tatizo ni ukoga laini tu, ndani ya wiki moja hadi mbili utaona inapungua. Isipopungua, huenda kuna ugaga umejificha, au sababu nyingine, na hapo inabidi uonwe.

Mbona mzee wetu hajawahi kuwa na mswaki wa dukani na meno yake yote yapo?

Inawezekana kabisa, wala si miujiza.

Miaka ya 1980 huko Machakos, Kenya, watafiti waliwapima watu wa miaka 15 hadi 65. Ukoga, ugaga na fizi zinazotoka damu vilikuwa karibu kwa kila mtu. Lakini uharibifu mkubwa, ule wa jino kupoteza mashiko yake kwenye mfupa, ulikuwa umejikusanya kwa watu wachache na kwa meno machache. Vipimo vya Tanzania vya miaka hiyohiyo vilitoa picha inayofanana. Nchini Sri Lanka Harald Löe yuleyule na wenzake walifuatilia wanaume 480 wa mashamba ya chai kwa miaka 15, watu wasio na huduma ya meno na wasiopiga mswaki. Asilimia 8 waliharibika haraka, asilimia 81 polepole, na asilimia 11 hawakuvuka hatua ya fizi kuvimba.

Majuzi, mwaka 2021, utafiti wa Seattle, Marekani, uliwafuata watu 21 walioacha kusafisha sehemu ya meno yao kwa wiki 3. Wakajitokeza wa namna tatu. Wapo ambao fizi zao zilivimba kwa nguvu. Wapo waliojaza ukoga uleule lakini fizi zao hazikupiga kelele sana. Na wapo ambao hata ukoga wenyewe ulichelewa kujaa, na kwa hao Streptococcus waliendelea kushika nafasi kwa muda mrefu zaidi.

Mzee wenu anaweza kuwa mmoja wa hao. Shida ni kwamba wewe hujui uko kundi gani mpaka umri uende. Tena yule mzee huenda alikuwa na mswaki wa mti mdomoni tangu alfajiri mpaka jua linapanda, jambo ambalo wajukuu hawalihesabu kuwa ni kusafisha meno.

Basi mswaki wa mti unafaa?

Unafaa, kama unautumia kwa uangalifu. Lugha yenyewe inakukumbusha: kile cha plastiki tumekiita mswaki kwa jina la kijiti. Unaotumika sana pwani na nchi za Kiarabu ni wa Salvadora persica. Tafuna ncha mpaka iwe nyuzi laini, kisha pitisha kwenye mpaka wa jino na fizi, ndani na nje. Wengi husugua meno ya mbele kwa nje tu, yale yanayoonekana ukicheka, na nyuma kunabaki na wakazi wake wote. Ukiutumia kwa nguvu kwenda kushoto na kulia, fizi inarudi nyuma na mzizi unabaki wazi.

Mkaa wa kusagwa na mchanga, achana navyo. Vinakwangua jino.

Ni mara ngapi kwa siku nisafishe ili wale wabaya wasipate nafasi?

Ushauri ni mara mbili, dakika mbili kila mara, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Lakini ukweli wa bakteria unavutia zaidi. Mwaka 1973 ulifanyika utafiti wa wanafunzi walioondoa ukoga wote kwa vipindi tofauti. Waliosafisha kila baada ya saa 12, na hata kila baada ya saa 48, fizi zao zilibaki nzima. Wa kila saa 72 na 96 walivimba. Utaona inalingana na ratiba ya Aarhus: ukiubomoa mtaa kabla ya siku ya tatu, wale waliojipinda hawapati pa kufikia.

Ila sikiliza vizuri: *wote*. Walikuwa wakiuondoa ukoga wote, pamoja na ule wa katikati ya meno. Wengi wetu tukipiga mswaki tunaacha sehemu kubwa palepale. Mara mbili kwa siku ni kwa sababu hatusafishi vizuri. Kati ya meno mswaki haufiki. Tumia uzi wa meno, au vile vibrashi vidogo kama nafasi inaruhusu. Fizi nyingi huanzia kuvimba hapo katikati.

Kusukutua kwa maji ya chumvi kunasaidia?

Kunatuliza. Hakuondoi ukoga.

Na dawa za kusukutua za dukani, au antibayotiki?

Klorheksidini ndiyo yenye ushahidi wa nguvu. Mwaka 1970 ilionyeshwa kwamba kusukutua kwa myeyusho wa asilimia 0.2 mara mbili kwa siku kunazuia ukoga kujengeka hata kwa mtu asiyepiga mswaki. Lakini inatia meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula, kwa hiyo ni ya muda mfupi, baada ya upasuaji au mkono ukiwa kwenye plasta. Tena inazuia ukoga mpya vizuri kuliko inavyoua uliokwisha kujijenga.

Sababu yake ilionwa zamani kuliko unavyodhani. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo wa Delft, Uholanzi, aliyejitengenezea hadubini, aliandika mwaka 1683 juu ya viumbe wadogo aliowaona kwenye ukoga wa meno yake. Akasukutua kwa siki, akatazama tena. Akahitimisha kwamba siki iliua waliokuwa juu tu ya ule utando, haikupenya mpaka ndani. Zaidi ya miaka 300 imepita na jibu halijabadilika. Bakteria wa ukoga wamejifunika ute waliotengeneza wenyewe, na dawa inawafikia waliokaa barazani.

Ndiyo maana kununua amoksilini au metronidazo dukani kila fizi ikivuja ni kutupa pesa, na kuwafundisha bakteria wa mwili mzima kuzoea dawa. Siku mbili tatu unaona nafuu, ukoga upo palepale, wiki ya tatu umerudi ulikokuwa. Zipo hali ambazo daktari huandika antibayotiki za fizi, lakini huandika pamoja na kusafisha, na hazianzii kwenye kaunta.

Wanasema kukwanguliwa ugaga kunalegeza meno. Ni kweli?

Si kweli, lakini naelewa inakotoka. Kuna mtu ambaye mfupa wake ulikwisha kuliwa kwa miaka mingi, na meno yalikuwa yameshikwa na daraja la ugaga kama matofali yaliyoshikwa na chokaa. Daraja likiondolewa, meno yanacheza, na kwa siku chache yanakuwa na ganzi ya maji baridi. Atakwambia dokta ndiye aliyeyalegeza.

Ugaga wenyewe hauumi. Ubaya wake ni ukwaruzo: uso wake una vishimo, na ukoga hai unajitandaza juu yake mahali ambapo mswaki haufui dafu. Hupenda kuanzia nyuma ya meno ya mbele ya chini, na upande wa shavu wa magego ya juu, kwa sababu hapo ndipo mirija mikubwa ya mate inapofungukia, na mate ndiyo yenye madini.

Ni lini inakuwa haiwezi kurudi tena?

Fizi iliyovimba inarudi. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe.

Mpaka kati ya hizo mbili hauumi, ndiyo taabu yake. Daktari anaujua kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita, anachokiingiza taratibu kati ya jino na fizi. Milimita 3 au chini na hakuna damu, sawa. Ikifika 4 na kuendelea, pameshakuwa mfuko, na huko chini hakuna mswaki utakaofika. Kwa utaratibu uliokubaliwa kimataifa mwaka 2018, damu ikitoka chini ya asilimia 10 ya sehemu zilizopimwa, fizi zako zinahesabika nzima. Ndani ya mfuko giza na ukosefu wa hewa ni wa kudumu, kwa hiyo hata ukisafisha juu vizuri, wa chini wanaendelea na yao. Hapo inabidi kusafishwa kwa ndani, mpaka kwenye mizizi, kisha kurudiwa kila baada ya miezi kadhaa.

Hii ndiyo kiseyeye?

Mitaani kila fizi inayovuja damu inaitwa kiseyeye. Kiseyeye halisi ni upungufu wa vitamini C, ule uliowamaliza mabaharia. Ukipata mchicha, machungwa, mapera au embe mara kwa mara, uwezekano wa kuwa nacho ni mdogo sana. Kunywa maji ya ndimu kwa ajili ya fizi zilizojaa ugaga hakutabadilisha kitu, ila asidi yake italichubua jino.

Nina ujauzito wa miezi mitano, fizi zimefura ghafla. Nimekosea nini?

Hujakosea kitu, mama. Homoni za ujauzito zinafanya mishipa ya fizi ivujishe zaidi. Tena yupo bakteria, Prevotella intermedia, anayeweza kuzitumia homoni hizo badala ya kirutubisho cha aina ya vitamini K anachokihitaji, kwa hiyo huongezeka, hasa katika miezi hiyo ya katikati. Ukoga uleule uliokuwa hausumbui sasa unasumbua. Kusafishwa meno wakati wa ujauzito ni salama, na miezi ya katikati ndiyo mizuri zaidi kukaa kwenye kiti. Mwambie daktari kuwa una mimba.

Mimi navuta sigara na fizi hazitoki damu. Si ina maana ziko salama?

Hapana. Sigara inaficha damu. Mishipa haivuji kama ya wengine, fizi inaonekana kavu, imekaza, huku mfupa unaliwa chini. Wavutaji wengi hushtukia jino linacheza. Akiacha sigara, fizi zinaweza kuanza kutoka damu, na mtu akadhani kuacha ndiko kulikomdhuru.

Kisukari kinaingiaje hapa?

Sukari ya damu ikiwa juu, uvimbe unakuwa mkali kuliko ukoga uliopo, na uponaji unachelewa. Upande wa pili, fizi zenye mifuko na usaha zinafanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Mgonjwa wa kisukari akitibiwa fizi, vipimo vyake vya sukari huweza kushuka kidogo. Kama una kisukari na hujawahi kuchunguzwa fizi, omba.

Harufu mbaya ya kinywa inatokana na hao hao?

Kwa sehemu kubwa, pamoja na wale wa nyuma ya ulimi. Wanaokata protini wanaachia gesi zenye salfa, ile harufu ya yai viza. Peremende inaifunika kwa robo saa.

Naweza kumwambukiza mume wangu?

Bakteria wanahama kwa mate, na wanandoa hukutwa mara nyingine na P. gingivalis wa ukoo mmoja. Lakini kuhama si kuugua. Anayehamia kwenye kinywa kinachosafishwa hakuti karamu iliyoandaliwa.

Ni dalili zipi nisisubiri miadi?

Fizi zenye maumivu makali, kati ya meno pameliwa na pana utando wa kijivu, harufu nzito na homa: nenda siku hiyohiyo. Mtoto mdogo aliyedhoofika, hasa baada ya surua, akitokewa na kidonda cha fizi kinachopanuka kuelekea shavuni, usilale naye nyumbani hata usiku mmoja. Ugonjwa huo unaitwa noma, na mwishoni mwa mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Ukiwahiwa mapema, dawa za kawaida zinasaidia sana.

Fizi zinazovimba na kutoka damu bila kuguswa, pamoja na uchovu na michubuko mwilini usiyojua ilikotoka, zinataka kipimo cha damu kabla ya mswaki. Na kama ulianza karibuni fenitoini ya kifafa au nifedipini ya presha na fizi zinaota juu ya meno, usiziache dawa hizo mwenyewe. Rudi kwa aliyekuandikia, ukiwa na pakiti yake mkononi.